Dawa ya Magoti na Kwaya ya Kanja

Mukami alikuwa daktari asiyeweza kumwandikia mtu dawa ya kikohozi, na huko kwao kijijini Kanja, upande wa Embu, jambo hilo lilikuwa gumu kueleweka. Watu walijua amesoma. Walimwona akitoka pale na sanduku la bati kwenda sekondari Kaaga, wakasikia ameingia chuo kikuu, wakasikia amepanda ndege, kisha wakaalikwa kula mbuzi aliporudi na kofia bapa yenye kishada. Sasa alikuwa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja kule Meru, na kila mtu alimwita Daktari. Kwa hiyo kila alipokuja nyumbani kumwona mama yake, hakukosa kukuta mtu mlangoni ameshika tumbo.

"Mimi si daktari wa kutibu," angemwambia.

"Sasa ni wa nini?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoharibika, kwa maana jibu la kweli lilikuwa panya. Mukami alichunguza kinga ya mwili: jinsi damu inavyomtambua mgeni na kumpiga vita, na kwa nini wakati mwingine inachanganyikiwa ikampiga mwenyeji. Kazi hiyo aliifanya kwa panya weupe wenye macho mekundu, akitafuta dawa mpya ndani ya mimea ya zamani. Mama yake, Ciakuthii, alikuwa ameamua mapema kwamba habari za panya zisifike kanisani. Akiulizwa binti yake anatibu nini, alijibu, "Mambo ya ndani," akanyamaza, na kila mtu akajijazia mwenyewe ndani ya wapi.

Ciakuthii alikuwa na magoti. Kila mtu ana magoti, lakini ya Ciakuthii yalikuwa na sifa mpaka kijiji cha pili. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kulala juu ya majani chai kutwa nzima, yalivimba kama viazi vya nduma, naye akawa anatembea kwa kushika ukuta. Ndipo alipochimba mizizi ya kichaka kimoja kinachoota kandokando ya mtaro, ambacho wenyeji hukiita karingamaru, yaani kipiga-magoti, akaichemsha pamoja na mifupa ya mbuzi, akanywa asubuhi na jioni. Haukupita muda mrefu ungemsikia shambani akimfokea mtu.

Mukami alipokuwa mtoto aliamini kinachomponya mama ni mchuzi wa mbuzi. Alipomaliza shahada ya tatu bado aliamini ni mchuzi. Mama na binti walibishana juu ya jambo hilo kila mwezi wa saba, hadi mwaka ule serikali za kaunti zilipoanza, Mukami alipochoka kubishana. Alijaza mfuko mizizi ya karingamaru, akaipeleka maabara yake Meru ili athibitishe, kwa njia ya kisayansi, kwamba mama yake anapona kwa supu.

Fundi wa maabara aliitwa Riungu, mtu wa upande wa Kinoru, mwenye maneno machache. Panya wote wa maabara alikuwa amewapa majina ya walimu waliomchapa shule ya msingi. Yeye na Mukami waliichemsha mizizi bila mfupa wowote, wakawapa panya waliokuwa wamevimbishwa miguu kwa makusudi. Kufikia mwisho wa juma, Mwalimu wa Hesabu, ambaye alikuwa hawezi kukanyaga chini, alikuwa anakimbia kwenye gurudumu lake.

Mukami aliagiza warudie, kwa kuwa mara moja ni bahati. Wakarudia. Wakarudia tena na panya wengine.

"Si supu," Riungu alisema.

"Si supu," Mukami alikubali, akiwa na furaha na huzuni kwa pamoja, maana sasa ilibidi ampigie mama simu.

Ciakuthii alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo," alisema, "ukaenda kuwauliza panya kitu nilichokwambia mimi."

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo Ciakuthii hakulijua, na ambalo Mukami alilipata kwa kupima damu ya panya kwa muda mrefu. Mzizi ule haukuwa unaongeza nguvu yoyote. Ulikuwa unapunguza. Magoti kama ya Ciakuthii huvimba kwa sababu walinzi wa mwili wamezidisha bidii: wanapiga kiungo ambacho hakina kosa. Karingamaru iliwaambia walinzi hao wakae chini. Kwa mwenye baridi yabisi ilikuwa baraka. Kwa mtu mwenye magoti mazima aliyekuwa karibu kukutana na mafua, huenda ilikuwa sawa na kumwachisha kazi mlinzi jioni ile ile wanayofika wezi.

Mukami alitaka kuipata kemikali moja tu, ile yenyewe inayofanya kazi, ili ipimwe, ieleweke, na siku moja iwe kidonge. Aliigawa ile dawa ya mizizi mafungu kwa mafungu, akijaribu kila fungu peke yake. Mengi hayakufanya lolote. Fungu moja lilimfanya Mwalimu Mkuu alale chali kutwa nzima kwa utulivu ambao Riungu alisema hakuwahi kuuona kwake shuleni. Fungu jingine lilimuua panya mzuri kabisa, wakaliweka kando. Miaka ikaenda hivyo, na huko Kanja watu wakaendelea kumngoja na matumbo yao.

Basi siku moja kanisa la Kanja likafanya ibada ya shukrani, na mchungaji akamwomba Mukami awaambie waumini maneno mawili kuhusu kazi yake. Mukami alisimama akakumbwa na tatizo ambalo hakulitarajia. Kiembu chake kilikuwa cha kuomba chakula na kugombana na ndugu zake. Maneno ya kueleza seli na damu alikuwa nayo kwa Kiingereza, na kwa kujikaza, kwa Kiswahili. Akaamua kusema Kiswahili, mtu atafsiri kwa ajili ya wazee. Kabla mchungaji hajachagua mtu, mjomba wake Njagi alikuwa amekwisha fika mbele na kurekebisha koti.

Njagi alikuwa mdogo wake Ciakuthii. Maishani mwake alikuwa ameuza miche ya parachichi, magodoro, taa za sola na sabuni ya kuondoa chunusi, na ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni akanunua viatu.

"Mzizi huu unatuliza kinga ya mwili," Mukami alianza.

Njagi akatafsiri kwamba mzizi huu unaipa kinga ya mwili raha.

Mukami alilipima neno hilo. Raha si utulivu, lakini halikuwa mbali sana. Akaendelea. "Bado tunaujaribu kwa panya. Hatujui kama unamfaa binadamu."

"Anasema hata panya wanautafuta," Njagi akawaambia.

Kanisa likasema amina. Mukami akamtazama mjomba wake, naye mjomba akampa tabasamu la kumtia moyo.

"Kwa hiyo naomba mtu asiutumie ovyo bila ushauri."

"Na mwenye kutaka ushauri," Njagi akamalizia, "anione mimi nje baada ya ibada."

Watu wakacheka, na Mukami akacheka pia, akidhani ni mzaha. Alikusudia kurekebisha maneno yale, lakini mchungaji alikuwa amekwisha chukua kipaza sauti, kinamama walikuwa wameanza wimbo, na harufu ya nyama ilikuwa inaingia dirishani. Aliketi. Jioni akarudi Meru.

Njagi hakuwa amefanya mzaha. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa na chupa zimepangwa mezani sokoni Kanja, zenye maji ya rangi ya udongo na lebo ya kijani. Juu iliandikwa KINGA PLASI. Chini yake palikuwa na picha ya Mukami siku ya mahafali, na kofia yake bapa, na maneno *Imepimwa na Daktari wa Chuo Kikuu*. Neno panya halikuonekana popote. Hapo Njagi alikubaliana na dada yake.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Marcella, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya. Kwaya ya Kanja ilikuwa imechaguliwa kwenda Uwanja wa Kinoru, Meru, kwa mashindano ya makanisa, na mashindano yaliwekwa mwezi wa saba, mwezi wa ukungu na makamasi. Marcella aliogopa mafua kuliko alivyoogopa majaji. Aliposikia kuna dawa ya kuipa kinga raha, iliyopimwa na mtoto wao wenyewe, alichukua ya kutosha kwaya nzima. Kila baada ya mazoezi waimbaji walipanga foleni, naye akawamiminia kikombe kwa kikombe, akiwatazama koo mpaka wameze.

Walikunywa soprano, wakanywa alto, ikanywa besi. Wale wa tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, hawakunywa. Wanaume hao wa tena walikuwa wamekosana na Marcella kwa ajili ya tai. Yeye alitaka kwaya ivae tai za rangi ya waridi, wao wakasema heri wasiimbe, na tangu siku hiyo walisusia kila kitu kilichopitia mkononi mwake. Mazoezini walisimama kando. Chai ya kwaya hawakunywa. Hata siku ya safari walikataa basi la kwaya wakakodi pikapu yao.

Siku ya mashindano Mukami alikuwa amekaa jukwaani Kinoru pamoja na mama yake, aliyekuja nyumbani kwake Kaaga siku iliyotangulia ili apumzishe magoti. Riungu naye alikuwepo, kwa kuwa kwao hapakuwa mbali, na kwa kuwa alipenda kwaya kwa namna ambayo hakuwahi kuitaja kazini. Kanja wakaitwa. Wakaingia uwanjani kwa mwendo mzuri, tai za waridi zikimeta, na nyuma yao wanaume wa tena wakiwa na tai nyeusi kama watu wa mazishi.

"Mbona wanajipangusa pua?" Ciakuthii aliuliza.

Marcella akainua mkono. Wimbo waliouchagua ulikuwa wa maswali na majibu: soprano na alto wanauliza, besi inakazia, na wale wa tena wanaitikia "Ndiyo, Bwana." Marcella akashusha mkono. Soprano wakafungua vinywa, ikatoka sauti kama mlango wa zizi. Alto wakajaribu kuwaokoa, wakapiga chafya kwa mpangilio mzuri sana. Besi ikakohoa. Na katika kimya kilichofuata, watu wa tena, wazima kama ng'ombe wa maonyesho, wakaitikia kwa nguvu zao zote: "Ndiyo, Bwana."

Hakuna aliyejua Bwana ameulizwa nini. Marcella, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu katikati, akaendelea kuongoza. Ubeti wa pili ukapita kwa minong'ono. "Ndiyo, Bwana," wale wa tena wakasema. Ubeti wa tatu ulikuwa kimya kitupu, mikono ya Marcella ikipunga hewani, na uwanja mzima umeshika pumzi. "Ndiyo, Bwana." Ciakuthii alikuwa ameficha uso ndani ya leso, na mabega yanatikisika. Jaji mmoja baadaye aliwasifu Kanja kwa kuthubutu kutumia ukimya, ingawa sifa hizo hazikuwaondoa mkiani.

Waimbaji walipotoka uwanjani, mzee Ireri wa besi alikuja kumsalimia Ciakuthii. Walikuwa wamejuana tangu ujana, na kwa miaka mingi walikuwa wakilinganisha magoti. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Ireri akachuchumaa, akaifunga, akainuka bila kushika kitu chochote.

Mukami aliliona hilo. "Mzee Ireri, magoti yanaendeleaje?"

"Magoti ni mapya," Ireri alisema kwa sauti ya kukwaruza, kisha akapiga chafya. "Ni pua tu imeharibika. Nakushukuru, mwanangu, kwa dawa yako."

"Dawa yangu gani?"

Ireri akaingiza mkono ndani ya koti akatoa chupa. Mukami akajiona mwenyewe, na kofia, akitabasamu chini ya maneno KINGA PLASI.  Alisoma lebo mara mbili, akampa Riungu, kana kwamba Riungu angesoma kitu tofauti.

Riungu aliigeuza chupa taratibu. "Picha imetoka vizuri," alisema.

"Nani wamekunywa hii?"

"Sisi wote," Ireri akajibu. "Marcella alitumiminia kila siku, ili tusipate mafua. Isipokuwa wanaume wa tena. Wale hawanywi kitu cha Marcella."

Mukami akawatazama wanaume wa tena, waliokuwa wamesimama karibu na uzio wakitafuna mahindi ya kuchoma, mashavu yanang'aa. Ni aibu kulisema, lakini moyo wake uliruka. Maisha yake yote alikuwa akipigania makundi mawili ya kulinganisha, waliokunywa na wasiokunywa, na hapa ugomvi wa tai ulikuwa umempangia makundi hayo bure.

"Mlikuja pamoja?" akauliza haraka. "Mmekuwa mkikaa pamoja?"

"Aa, wao wamekuja na pikapu yao. Na mazoezini wanasimama huko mbali, kama hawatujui."

Moyo ukarudi chini. Kama watu wa tena hawakukaa na wenzao, basi labda hawakuambukizwa tu, na mzizi haukuwa na hatia. Au ulikuwa nayo. Hakuna ambaye angeweza kusema, na Mukami alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Alichojua kwa hakika ni kwamba watu wa kwao walikuwa wamenywa kitu kisichojulikana vizuri, kwa sababu ya uso wake.

Furaha ya sayansi ilimtoka kabisa siku chache baadaye, habari zilipofika kwamba mafua ya Marcella yameshuka kifuani na amelazwa hospitali. Mukami alifunga maabara akaenda Embu. Alimkuta ameegemea mito, amekonda kidogo usoni, anasahihisha madaftari ya darasa la sita.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha," Mukami alisema. "Ile dawa haikuongeza kinga. Mimi nimeona kwa panya kwamba inaipunguza. Nilisimama kanisani nikamsikia mjomba akipotosha maneno yangu, na nikanyamaza."

Marcella aliweka kalamu chini. "Panya?"

"Ndiyo, panya."

"Mama yako alituambia ni mambo ya ndani." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Daktari, mimi niliwamiminia watu wazima kikombe mdomoni bila kuuliza ni kitu gani. Ukiomba msamaha, na mimi itabidi niombe. Sasa keti. Na usimwambie mtu wa tena kwamba nimelazwa."

Lakini wanaume wa tena walijua, na jioni hiyo walikuja wote, wameshika ndizi na maziwa, wamevaa tai za waridi.  Marcella alisema rangi hiyo, akiiangalia vizuri, kweli haiwapendezi.

Kesho yake, kabla ya kurudi Meru, Mukami alipata nafasi ya kumkabili Njagi. Alimkuta sokoni nyuma ya meza yake.

"Anko, toa picha yangu kwa hizo chupa."

"Nimekukuza jina," Njagi alisema, ameumia kweli. "Hapa Kanja nani alikuwa anajua kazi yako? Mimi nimekutangaza mpaka Runyenjes."

"Anko, nisikilize. Huu mzizi hauongezi kinga. Unaipunguza."

Njagi alikuna kidevu akalifikiria jambo hilo kwa uzito, kama mfanyabiashara. "Kwa hiyo niandike Kinga Mainasi?"

"Usiandike kitu. Mwaga."

"Zote?"

"Mwalimu Marcella amelala hospitali, Anko."

 Njagi alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mtu mbaya, na Marcella alikuwa amemfundishia watoto wake wote. Alizichukua chupa moja moja, akazimimina kwenye mtaro nyuma ya soko bila kutazama kama kuna anayemwona. Mukami akamsaidia. Njagi alichoomba tu ni abaki na lebo moja kwa sababu ya ile picha, na Mukami akamkatalia.

Jumapili iliyofuata Mukami alisimama tena kanisani, na safari hii hakutaka mtafsiri. Aliongea Kiembu chake cha jikoni. Palipokosekana neno la seli alisema walinzi, palipokosekana neno la maambukizi alisema wezi, na mahali pamoja alikwama kabisa mpaka nyanya mmoja wa safu ya mbele akamtupia neno. Aliwaambia kuhusu panya. Ciakuthii aliinamisha kichwa, lakini mbingu hazikuanguka. Aliwaambia kwamba mzizi unawalaza walinzi, na kwamba mtu mwenye afya asiunywe.

Mzee mmoja akainua mkono. "Sasa nani atataka dawa ya kulaza walinzi?"

"Mtu ambaye walinzi wake mwenyewe wanampiga," Mukami alijibu. "Wakampiga magoti, vidole, viwiko, na hajakosa kitu."

 Mzee Ireri akasimama. "Wangu wananipiga," alisema.

"Na wangu," akasema mama mmoja nyuma.

Mikono ikaanza kuinuka safu kwa safu, mingine ikiinuka kwa shida kwa sababu mabega nayo yalikuwa yanapigwa. Mukami alikuwa amekuja kuwafukuza watu kwenye karingamaru, na sasa kanisa zima lilikuwa linaitaka, tena kwa sababu sahihi. Njagi, kwenye benchi la mwisho, alitazama mikono ile yote akashika kichwa.

Hivyo ndivyo jaribio lenyewe lilivyoanza, ingawa kwanza ilibidi Mukami apite mbele ya kamati ya maadili ya utafiti. Mwenyekiti aliweka chupa moja mezani, iliyofika kwake kwa njia ambayo hakuieleza.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Mwenyekiti alimtazama, akaitazama picha. "Eleza," alisema, na Mukami akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Hawakumnyima ruhusa, lakini walimfunga kamba kila upande. Daktari wa hospitali awepo, daktari wa kutibu. Wachukuliwe tu wenye magoti yaliyovimba kweli. Mwenye kikohozi arudi nyumbani. Nusu yao wapewe dawa ya mzizi, nusu wapewe chai ya majani machungu yasiyo na kazi, na asiwepo mtu anayejua nani kapewa nini, hata Mukami. Na ndugu wa mtafiti asishiriki.

Hilo la mwisho Mukami ndiye aliyelipeleka kwa mama yake.

"Mzizi ni wangu," Ciakuthii alisema. "Magoti ni yangu. Mtoto ni wangu. Na aliyekatazwa ni mimi?"

"Ndiyo sheria, Mama. Watasema nimekupendelea."

"Unipendelee na nini? Na mzizi wangu?" Alivuta leso mabegani akatazama upande wa mlima. "Sawa. Waambie kamati yako hapa jikoni hawana kiti." Akaendelea kunywa yake na mchuzi wa mbuzi, nje ya sayansi, na kila Mukami alipokuja, alitembea mbele yake uani kwa madaha, akienda na kurudi, ili binti aone anachokosa.

Jaribio lilikwenda kwa miezi. Wenye magoti walikuja zahanati kupimwa uvimbe na kutolewa damu. Mzee Ireri, aliyekuwa amewahi kumfukuza chui aliyevamia kuku kwa rungu, alizirai kila alipoona sindano, kisha akazinduka akidai alikuwa anaomba. Katika washiriki wote ndiye aliyesifu dawa zaidi. Alisema goti la kushoto limerudi ujanani na la kulia liko njiani, akapanda mti wa parachichi ili watu waamini.

Hesabu zilipofunguliwa, ilionekana kwamba mzizi unasaidia. Si miujiza: waliokunywa mzizi walipungua uvimbe kuwazidi waliokunywa chai, wengi kidogo, wachache sana, na baadhi hawakupata nafuu yoyote. Mukami na Riungu walikagua hesabu hizo mara nyingi, wakitafuta walipokosea, wasipaone. Na mzee Ireri alikuwa katika kundi la chai.

Ilibidi aambiwe. Mukami alimfuata nyumbani kwake, akaketi naye kwenye benchi, akamweleza polepole kwamba safari hii kile alichokunywa hakikuwa na dawa, na kwamba mwili wa mtu anayetarajia kupona wakati mwingine hujisaidia wenyewe.

Ireri alikunja goti la kushoto, akalikunjua. "Basi mti nilipandaje?"

"Ulipanda mwenyewe, mzee."

"Kwa chai."

"Kwa chai."

Akatazama magoti yake moja baada ya jingine, kama mtu aliyegundua kwamba watoto wake wamekuwa wakimficha jambo. Kisha akamgeukia. "Na hiyo chai, daktari. Imebaki?"

Kidonge bado hakijapatikana. Mukami na wanafunzi wake wamefika kwenye fungu moja lenye kemikali chache, na wanaamini ni moja kati ya hizo, lakini ile yenye nguvu zaidi inaelekea kuchosha ini la panya, na hakuna faida ya kumponya mtu goti ukampa ugonjwa wa ini. Kwa hiyo sasa anajifunza, pamoja na mwenzake wa kemia, namna ya kuibadilisha kidogo upande mmoja bila kuiharibu upande mwingine. Ni kazi ya miaka. Njagi ameotesha karingamaru nyuma ya nyumba yake, kwa sababu ile ya mtaroni ilianza kwisha kwa kuchimbwa, na chuo kikuu kinachukua mizizi kwake. Kila anapoleta, yeye na Riungu hugombana juu ya udongo: Njagi anashikilia kwamba udongo ni sehemu ya mzizi.

Juma lililopita walijaribu umbo jipya la kemikali ile kwa mara ya kwanza. Uvimbe wa miguu ya panya ulipungua vizuri. Mukami aliyapima maini yao, akayapima tena, akavua miwani.

"Bado," alisema.

Riungu alikuwa amekwisha vaa glavu nyingine. Akaenda kuleta panya wapya, huku akinong'ona wimbo wa kwaya, sehemu ya tena: "Ndiyo, Bwana."